Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: dawa za kuamsha protini zinakuja, na sisi bloku za vivimbe vya wagonjwa tunazitupa

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wakubwa wa NIMR (utafiti wa magonjwa) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na nyie wote mnaokaa kwenye vikao vya bajeti Dodoma.

Shikamooni wakuu. Mimi ni mtu wa maabara, upande wa patholojia, yaani sisi ni wale ambao sura ya mgonjwa hatuijui kabisa, tunamjua akiwa kipande cha nyama ndani ya kopo la formalini (maji ya kuzuia nyama isioze) lenye jina na namba. Cheo sina. Ila vikopo vya utumbo mpana naviona kila wiki, na umri ulioandikwa kwenye fomu unanitisha, maana zamani tulizoea kuona sitini, sabini, siku hizi naona watu wa thelathini na kitu, wengine hata hawajafika huko.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, kwamba tutunze vizuri nyama za vivimbe na tuanze kusoma jeni zake, ila inabidi nizunguke kidogo ndio mnielewe.

Daktari Denis Burkitt, yule wa Mulago pale Kampala ambaye ile kansa ya taya za watoto imepewa jina lake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliandika kwamba kansa ya utumbo mpana kwa Waafrika ni nadra sana, na akasema sababu ni vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kwa wakati ule alikuwa anaongea alichokiona. Tatizo ni kwamba yale maneno yamebaki vichwani mwa watu mpaka leo, kwa hiyo mtu anakuja anatoa damu haja kubwa anaambiwa ni bawasiri, anapewa dawa ya kupaka, anaenda kwa mtu wa mitishamba, anarudi, anaambiwa bawasiri tena, na siku anayopelekwa kwenye kipimo cha kamera uvimbe umeshaziba njia. Mwaka 2022 duniani kote walipatikana wagonjwa wapya wa kansa hii kama milioni 1.9 na waliokufa ni kama laki 9, ni ya tatu kwa wingi na ya pili kwa kuua. Hiyo siyo kansa ya Wazungu tena jamani.

Sasa twende kwenye hizo protini.

Kila seli ya mwili ina protini ambazo kazi yake ni kuhakikisha seli haigawanyiki ovyo. Kwenye utumbo mpana zinazotajwa sana ni APC, p53, PTEN na SMAD4. Hii p53 ina stori yake. Iligunduliwa 1979 na watafiti zaidi ya kundi moja, akina David Lane Uingereza na Arnold Levine Marekani, na kwa karibu miaka kumi wataalamu waliamini yenyewe ndiyo inasababisha kansa. Mpaka 1989, kundi la Bert Vogelstein pale Johns Hopkins walipochunguza vivimbe vya utumbo mpana wakakuta kwamba p53 kumbe ni mlinzi, na vile vivimbe vilikuwa vimempoteza. Kwa hiyo kansa hii hii ya utumbo ndiyo iliyomsafisha jina p53.

Kazi yake ni kwamba DNA ikiharibika anaisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, na ikishindikana anaiamuru ife. Zaidi ya nusu ya kansa za utumbo mpana zina p53 mbovu. APC yeye mara nyingi ndiye wa kwanza kabisa kuharibika, na kazi yake ni kusaidia kuvunjavunja protini inaitwa beta-katenini. APC akiondoka, beta-katenini inajazana, inaingia kwenye kiini cha seli na kutoa amri ya kugawanyika, gawanyika, gawanyika. Hapo ndipo polipi, kile kinundu ndani ya utumbo, inapoanza, na kutoka polipi mpaka kansa kamili mara nyingi inachukua miaka, hata kumi au zaidi.

Miaka yote hii dawa nyingi zilitengenezwa kuzuia protini zinazofanya kazi kupita kiasi. Inaeleweka, maana kukizuia kitu kinachofanya kazi ni rahisi kuliko kukirudisha kilichoharibika. Ila mwaka 2015 Lukas Dow na Scott Lowe na wenzao huko New York walifanya jaribio ambalo mimi nilipolisoma nililirudia mara ya pili. Waliwatengeneza panya ambao APC yao inaweza kuzimwa na kuwashwa. Wakaizima, vivimbe vikaota kwenye utumbo, vingine vikiwa na p53 mbovu na KRAS mbovu (KRAS ni protini inayoamuru seli igawanyike) juu yake, yaani kansa iliyoshiba. Halafu wakaiwasha APC tena. Ndani ya wiki mbili vivimbe vikanywea, na kinachoshangaza ni kwamba zile seli nyingi zilirudi kuwa seli za utumbo za kawaida zinazofanya kazi yake. Panya waliendelea kuishi.

Hao ni panya, najua. Na kwa binadamu mpaka leo hakuna dawa ya kuwasha APC. Ila kwenye p53 watu wamefika mbali kidogo, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapa.

Huyu mlinzi anaweza kushindwa kazi kwa namna tofauti. Kuna pale ambapo mwenyewe ni mzima kabisa ila kuna protini nyingine, MDM2, imezidi na kila akijitokeza inamkamata na kumpeleka kuvunjwa. Kwa hao kuna dawa za ukoo wa nutlini, zilizoanza kutangazwa 2004, zinazokaa pale MDM2 inapomshikia ili imwachie. Kuna pale ambapo anatolewa nje ya kiini cha seli, akiwa nje hana anachoweza kufanya, na dawa kama selineksori inafunga mlango wa kutokea, hiyo Marekani iliruhusiwa 2019 lakini kwa kansa ya uboho, siyo ya utumbo. Na kuna pale ambapo umbo lake lenyewe limeharibika kwa sababu herufi moja ya jeni imebadilika, na hizi hitilafu za umbo ni nyingi, kila moja na mahali pake. Moja inaitwa Y220C, ambapo kwenye nafasi ya 220 tirosini imetolewa ikawekwa sisteini, protini ikabaki na kishimo. Kuna dawa inaitwa rezatapopti inaingia kwenye kile kishimo tu, inakijaza, protini inarudi kwenye umbo lake na kuanza kazi. Ukiwa na hitilafu nyingine yoyote ya p53 dawa hiyo kwako haina maana.

Mmeona hapo? Hakuna dawa moja ya kuamsha p53. Kila dawa ina mgonjwa wake, na mgonjwa huyo anajulikana kwa kusoma jeni za uvimbe wake tu, huwezi kumjua kwa kumwangalia wala kwa darubini yangu. Y220C yenyewe iko kwa kama mgonjwa mmoja katika kila mia wa kansa za vivimbe. Na kwenye majaribio yake makubwa walitaka watu ambao KRAS yao haijaharibika, wakati kwenye utumbo mpana kama wagonjwa 40 kati ya 100 KRAS yao imeharibika. Mtu ambaye uvimbe wake haujawahi kusomwa jeni hata foleni ya kufikiriwa hayumo.

Niseme na hili mapema kabla mtu hajaanza kuuza vidonge vya "kuamsha p53" Kariakoo: hakuna hata moja ya dawa hizi iliyoidhinishwa kwa kansa ya utumbo mpana. Nyingine zimeshaanguka. Eprenetapopti, iliyokuwa inasubiriwa kweli kweli, mwisho wa 2020 ilishindwa kufikia lengo kwenye jaribio kubwa la wagonjwa wa uboho. Zile za MDM2 zinashusha chembe sahani za damu mpaka dozi inabidi isimamishwe. China waliruhusu tiba ya kupandikiza jeni ya p53 tangu 2003, kwa kansa za kichwa na shingo, na nchi nyingi hazikuifuata. Kwa hiyo sina muujiza wa kuwauzia, ninachosema ni kwamba njia imeshafunguliwa na wenzetu wanatembea.

Sasa kuna mtu mezani kwenu atasema haya ni mambo ya matajiri, sisi tuhangaike kwanza na kemo na mionzi. Namjibu kwa aspirini.

Septemba 2025 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi za Nordik, Sweden na jirani zake. Walichukua wagonjwa wa utumbo mpana na wa njia ya haja kubwa waliokwishafanyiwa upasuaji, wakasoma jeni za vivimbe vyao, wakawatafuta wenye hitilafu kwenye njia ya PI3K, yaani mnyororo wa amri za kukua ndani ya seli, ikiwemo wale ambao PTEN yao imeharibika, PTEN ambayo ni mmoja wa hawa hawa walinzi na kazi yake ni kuizuia hiyo njia. Walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wote waliopimwa. Nusu wakapewa aspirini miligramu 160 kila siku kwa miaka mitatu, nusu vidonge visivyo na dawa. Ndani ya miaka mitatu waliopata aspirini kansa iliwarudia kama 8 kati ya 100, wengine ilikuwa 14 mpaka 17 kati ya 100. Yaani imepungua kama nusu, kwa aspirini, ile ile ya dukani ambayo bei yake haifiki hata soda. (Msomaji mwingine usikimbilie duka la dawa, aspirini inatoboa tumbo na kutoa damu, ongea na daktari wako.)

Hapo dawa ni ya bei ya chini kuliko zote na ipo mpaka zahanati ya kijijini. Kinachokosekana ni kipimo cha kutuambia nani ana hiyo hitilafu. Kwa hiyo habari ya kwamba hatuna hela ya dawa za kisasa hapa haisimami, dawa tunayo, tusichojua ni nani wa kumpa.

Na msidhani tunaweza kuazima takwimu za Wazungu tukapiga hesabu humo. Mwaka 2021 Wanaijeria, wakiongozwa na Dkt. Alatise wa Ile-Ife wakishirikiana na hospitali ya Memorial Sloan Kettering, walichapisha matokeo ya kusoma jeni za kansa ya utumbo ya wagonjwa wa Nigeria. Walichokuta ni kwamba zaidi ya robo ya vivimbe vilikuwa vya aina ile ambayo mfumo wa kurekebisha DNA umekufa, hiyo ni mara mbili au zaidi ya ilivyo kwa Wamarekani waliowalinganisha nao, na kwa waliobaki APC ilikuwa imeharibika kwa wachache sana kuliko Wamarekani. Fikirieni hapo. Dunia nzima inahangaika kutafuta dawa ya kurudisha APC kwa sababu kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani iko kwenye kansa nane kati ya kumi, halafu kumbe Ile-Ife picha ni nyingine. Sisi je? Mwanza ikoje, Mbeya ikoje, Zanzibar ikoje? Dawa itakuja siku moja imetengenezwa kwa ajili ya hitilafu ambazo pengine wagonjwa wetu hawana, na zile walizonazo hakuna aliyeziangalia kwa sababu hakuna aliyejua zipo.

Hata p53 yenyewe, kuna aina yake inaitwa P47S ambayo inaonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, watu wanazaliwa nayo, na inafanya kazi chini kidogo ya ile ya kawaida. Wengi wa walioichunguza wako Marekani. Inashangaza kidogo, maana hapa nchini tunarusha ndege kuhesabu tembo, na tembo ndiye mnyama ambaye wanasayansi walimkuta na nakala 20 za jeni ya p53 wakati sisi binadamu tuna moja, wanasema ndio maana kansa haimsumbui sana pamoja na ukubwa wake wote. Tembo tunajua wako wangapi. Wagonjwa wenye p53 mbovu hatujui.

Sasa nirudi kwenye meza yangu, maana huku ndiko kunakoniuma.

Kusoma jeni kunahitaji DNA nzima. Kinyama kikitoka kwa daktari wa upasuaji kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa nyama, kikae humo masaa kadhaa, kisipitilize siku tatu. Mnachotuletea kutoka mikoani, na siwalaumu wanaoleta maana wanatumia walichopewa, ni utumbo mzima umekunjwa kwenye kopo dogo na formalini ya kulowesha juu tu, au formalini iliyochanganywa na maji ya bomba bila bafa, ambayo inageuka tindikali na kukatakata DNA vipande vipande, au kopo limekaa wiki mbili linasubiri gari la kupanda Dar. Mimi nitakata slaidi, daktari ataangalia, ataandika "adenokasinoma", yaani kansa, mgonjwa atapata majibu. Lakini kile kinyama kwa kipimo cha jeni kimeshakufa, na hata mkija na mashine ya mabilioni kesho haitasoma kitu.

Halafu bloku. Tukishamaliza, kinyama kinabaki ndani ya kipande cha nta ya parafini, hicho ndicho bloku, na bloku iliyotunzwa vizuri inaweza kusomwa jeni hata baada ya miaka. Hizo bloku ni hazina. Nimeshaona sehemu zimerundikwa kwenye maboksi chini ya ngazi, joto la Dar mnalijua, parafini inalegea, panya wanatafuna lebo, na nafasi ikiisha boksi za zamani zinatupwa. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyefanya kosa la kufukuzwa kazi. Ni kwamba kwenye bajeti hakuna mstari unaosema "kutunza bloku", basi.

Ninachoomba hakianzii kwenye mashine. Anzeni na formalini. Bohari ya Dawa wanunue iliyokwisha tengenezwa yenye bafa, makopo makubwa, iende mpaka hospitali za wilaya zinazopasua utumbo, na fomu ya patholojia iwe na mstari wa saa ambayo nyama imetoka mwilini na saa ilipoingia kwenye formalini. Hii ni hela ndogo mno kwenye bajeti ya wizara. Halafu chumba cha bloku chenye kiyoyozi na rejista ya kompyuta kwa kila hospitali ya rufaa ya kanda, na marufuku ya kutupa bloku ya kansa bila kibali.

Baada ya hapo IHC, kile kipimo cha kupaka slaidi antibodi ili protini ijionyeshe kwa rangi. Antibodi nne tu, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, zinakuambia kama mfumo wa kurekebisha DNA umekufa. Kwa wagonjwa wa aina hiyo kuna tiba za kuamsha kinga ya mwili ipigane na kansa, ambazo mwaka 2022 huko New York ziliondoa kabisa kansa ya njia ya haja kubwa kwa wagonjwa wote 12 wa kwanza waliomaliza dawa, bila kisu, bila mionzi. Najua dawa ile ni ghali kupita kiasi. Ila huwezi kwenda kubishana bei na kampuni kama hujui una wagonjwa wangapi, utaenda kubishana na nini? Ukiongeza antibodi ya p53 unaanza pia kujua ni akina nani mlinzi wao ameharibika, siyo kwa undani wa jeni lakini ni mwanzo. Vitendanishi visiishe katikati ya mwaka tu, hilo ndilo ombi, maana mashine ya IHC isiyo na vitendanishi tumeshaizoea.

Kusoma jeni kwenyewe hakuhitaji kila hospitali. Kituo kimoja cha taifa kinatosha kuanza. Wakati wa Korona Afrika nzima ilijifunza kusoma jeni za virusi, na mashine za aina ile zinaweza kusoma jeni za kansa ukibadilisha vitendanishi na ukifundisha watu. Vijana wa bioinfomatiki, yaani wa kuchambua data za jeni kwa kompyuta, wapo, wamesoma, wengine wanauza laini za simu. Na tafadhali waelezeni wananchi vizuri, kwa sababu hapa kwetu ukitaja kipimo cha vinasaba mtu anawaza Mkemia Mkuu na kesi ya mtoto ni wa nani, akisikia tunataka kupima vinasaba vya utumbo wa baba yake kuna ugomvi wa urithi utatokea hapo hapo. Tunapima uvimbe. Ukoo hauhusiki, isipokuwa pale kansa inapokuwa ya kurithi, na hapo familia inatakiwa iambiwe ili ndugu wachunguzwe mapema.

Kwa watu wa bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, vitita vinapangwa na kupanguliwa. Kipimo cha kamera kwa mtu anayetoa damu haja kubwa kiwemo, na IHC iwemo, msiziache zikaitwa huduma za ziada ambazo mgonjwa anatoa mfukoni. Hesabu mnaweza kuzifanya wenyewe, kutoa polipi moja ni bei gani na kozi nzima ya kemo ni bei gani.

NIMR na COSTECH, nyie nawaomba kitu kimoja kigumu zaidi. Watafiti wa nje wakija wanataka bloku zetu, na watakuja, maana dunia imeshagundua data za Waafrika hazipo, msikubali sampuli zikaondoka zikabaki makaratasi. Mkataba useme kazi ifanyike hapa kadiri inavyowezekana, kijana wetu afundishwe, data ibaki na nchi, na kama dawa itajaribiwa kwa wagonjwa wetu basi ikifaulu wagonjwa wetu waipate kwa bei ambayo serikali inaweza. Yaandikeni hayo kabla ya boksi la kwanza kupanda ndege, baada ya hapo hakuna atakayewasikiliza.

Bajeti ya mwaka ujao bado haijafungwa. Mkitaka kujua formalini inayohitajika ni lita ngapi kwa kanda nzima, waulizeni wakuu wa maabara za patholojia, karatasi hiyo wanaweza kuwaandikia ndani ya siku moja, na mimi nitawasaidia kupiga hesabu hata usiku.

Naomba kuwasilisha.
Mtu wa maabara, Dar es Salaam